Kiungio cha hita: Kitu kidogo kinachoweza kukuozeshea nyanya njiani

GARI limepakia mbolea na bidhaa za duka kutoka Dar es Salaam. Limepita Morogoro na Mikumi bila tatizo, limefika Ruaha Mbuyuni, na sasa linaanza kupanda mlima Kitonga kuelekea Ilula na Iringa mjini. Katikati ya kona, mvuke unafuka kutoka chini ya viti vya mbele, harufu tamu inajaa ndani na muda si mrefu injini inaanza kupoteza nguvu.

Dereva anaposhuka kukagua anakuta rejeta ni nzima, feni inazunguka na mkanda haujakatika. Kilichopasuka ni kipande cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole, kilichojificha nyuma ya injini. Kazi yake ni kuunganisha mipira inayopeleka maji ya moto kwenye hita.

Balaa la namna hii linaweza kumfika mkulima au mfanyabiashara yeyote anayetegemea gari la zamani kusafirisha mazao. Wengi hukagua matairi, oili na breki kabla ya safari, lakini viungio vya mipira ya hita havimo katika hesabu zao. Wengine hawajui hata kama vipo.

Hasara yake haiishii kwenye gari. Nyanya zilizoiva hazisubiri fundi. Kabichi zilizofungwa kwenye magunia huanza kupata joto na kunyauka, na mteja aliyekuwa akingoja mzigo sokoni alfajiri hununua kwa mwingine.

Kiungio hiki ni kitu gani?

Maji yanayopooza injini hayaendi kwenye rejeta kubwa peke yake. Sehemu ya maji hayo hutoka kwenye injini yakiwa ya moto, hupita kwenye mpira hadi kwenye rejeta ndogo iliyo nyuma ya deshibodi, kisha hurudi kwenye pampu ya maji. Rejeta hiyo ndogo ndiyo inayotoa joto la hita.

Kwenye gari lenye hita ya mbele tu, kwa kawaida kuna mpira wa kupeleka maji na mpira wa kurudisha. Kwenye gari lenye hita ya mbele na ya nyuma, kila mpira hugawanywa mara mbili kwa kiungio chenye midomo mitatu, ambacho mafundi hukiita tii.

Magari mengi aina ya Toyota Hiace na Noah yaliyoletwa yakiwa yametumika kutoka Japani yana hita ya nyuma, kwa sababu yalitengenezwa kwa ajili ya nchi yenye baridi kali. Noah za kizazi cha mwaka 1996 hadi 2001 injini yake iko chini ya viti vya mbele, na mabomba ya hita ya nyuma hupita chini ya sakafu ambako hupigwa na matope na mawe. Hata zile za mwisho za kizazi hicho sasa zimevuka miaka 20.

Toyota Land Cruiser za toleo la 100 zenye injini ya petroli ya V8 nazo zinajulikana kwa tii zake za plastiki zilizo kati ya injini na chumba cha dereva, ambazo huwa dhaifu zinapozeeka. Pikapu nyingi hazina hita ya nyuma, lakini mipira yake miwili na klipu zake huchakaa vilevile.

Hesabu ni rahisi. Gari lenye hita ya mbele tu lina mipira miwili, yaani ncha nne zinazoweza kuvuja. Ukiongeza hita ya nyuma na tii mbili, mipira inakuwa sita na ncha zinafika 12. Kila ncha ina klipu yake, na kila klipu ina siku yake ya kulegea.

Kwa nini vinakufa?

Sababu ya kwanza ni joto. Plastiki ya kiungio hupata moto kila gari linapowashwa na hupoa kila linapozimwa. Baada ya miaka mingi plastiki hiyo hukauka na kuwa kama kigae. Huweza kukaa bila tatizo kwa muda mrefu, kisha ikavunjika siku fundi anapoigusa akifanya kazi nyingine, au siku injini inapotikisika kwenye barabara ya makorongo.

Sababu ya pili ni maji. Wenye magari wengi huongeza maji ya kisima au ya bomba kwenye rejeta badala ya maji maalumu ya kupoozea, maarufu kama kulanti. Maji ya chumvi hula midomo ya mabomba ya chuma na aluminiamu, na huacha ukoko mweupe unaoziba njia. Mdomo ukishaliwa, mpira haushiki vizuri hata ukikazwa namna gani.

Sababu ya tatu ni oili. Mpira wa hita umetengenezwa kuvumilia maji ya moto, si oili. Injini inayovuja oili juu ya mipira hiyo huifanya ivimbe na kulainika, hasa karibu na klipu. Kwa hiyo kubadilisha mpira bila kuziba uvujaji wa oili ni sawa na kutwanga maji kwenye kinu.

Hatari yake nyanda za juu

Wakulima wa Iringa, Njombe, Mbeya na maeneo mengine ya miinuko wana sababu ya ziada ya kuwa makini.

Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzijoto 100 pwani, lakini kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Mji wa Njombe, ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Injini nyingi hufanya kazi kwenye joto linalokaribia kiwango hichohicho.

Kinachozuia maji ya injini yasichemke ni shinikizo. Mfuniko wa rejeta, ambao kwa magari mengi ya Kijapani huandikwa 0.9 au 1.1, hubana maji hayo ili yaweze kupita nyuzi 110 bila kuchemka, hata kwenye mwinuko kama huo.

Kiungio kinapopasuka, shinikizo hilo huondoka mara moja. Maji yaliyokuwa yametulia huanza kuchemka, mengine hutoka yakiwa mvuke, na pampu husukuma yaliyobaki nje kupitia ufa. Ndani ya dakika chache injini inaweza kubaki kavu.

Hapo ndipo mshale wa joto unapoweza kumdanganya dereva. Kifaa kinachopima joto hukaa ndani ya maji. Maji yakiisha, kifaa hicho hubaki hewani na mshale unaweza kushuka badala ya kupanda. Dereva anayeuamini huendelea kukanyaga mafuta, huku silinda hedi ikipinda na gasketi ikiungua.

Dalili za kuangalia

Dalili nyingi hujitokeza mapema, na kuziona hakuhitaji fundi. Hata mfanyabiashara asiye na gari, anayekodi la mtu mwingine kwa ajili ya mzigo wake, anaweza kuzikagua kwa dakika tano kabla ya kupakia.

Ya kwanza ni kiwango cha maji. Gari linaloongezwa maji kila asubuhi lina mahali linapoyapoteza. Jibu la dereva kwamba gari hili limezoea kunywa maji lisikubaliwe.

Ya pili ni ukoko. Tazama penye viungio na klipu, injini ikiwa imepoa. Alama nyeupe, ya kijani au ya rangi ya kutu ni ushahidi kuwa maji yanatoka kidogo kidogo na kukaukia hapo.

Ya tatu ni mpira wenyewe. Ubonyeze kwa vidole. Mpira mzima hubonyea na kurudi. Ulio mgumu kama mti, uliovimba karibu na klipu, au wenye nyufa ndogo ndogo unapokunjwa, umemaliza muda wake. Kiungio cha plastiki kisikunjwe wala kuvutwa wakati wa ukaguzi, kwani kilichozeeka kinaweza kubaki mkononi.

Ya nne ni harufu tamu ndani ya gari, ukungu wenye utelezi kwenye kioo cha mbele, au zulia lililolowa upande wa abiria. Dalili hizi huonyesha kuwa uvujaji uko kwenye rejeta ndogo ya hita au kwenye mipira inayoingia humo.

Ya tano huwasaidia zaidi wanaotumia hita. Hita iliyokuwa ikitoa joto ikianza ghafla kupuliza hewa ya baridi wakati gari linapanda mlima, maji yamepungua. Dereva asimame hapohapo, hata kama mshale wa joto hausemi kitu.

Namna ya kubadilisha

Kazi hii si kubwa kwa fundi wa kawaida, na mkulima aliyezoea kufungua pampu ya kumwagilia anaweza kuifanya mwenyewe iwapo viungio vya gari lake vinafikika. Jambo la msingi ni kutokuwa na haraka.

Subiri injini ipoe kabisa. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto, kwani maji yanaruka na kuunguza uso na mikono. Kisha mwaga maji kupitia koki iliyo chini ya rejeta na uyakinge kwenye beseni.

Kwa anayefuga, hatua hiyo ina uzito wake. Kulanti nyingi zina sumu, na ladha yake ni tamu. Mbwa, paka, mbuzi au kuku anayekunywa maji hayo anaweza kufa, na mtoto mdogo yuko katika hatari hiyohiyo. Yasimwagwe uani wala kwenye mfereji wa shamba, na chombo kilichotumika kisirudi kwenye kazi za nyumbani.

Weka alama kwenye mipira kabla ya kuitoa ili ujue upi unapeleka maji na upi unarudisha. Legeza klipu na uisogeze nyuma. Mpira ukigoma kutoka, usiuvute wala kuukoroga kwa bisibisi, kwa kuwa midomo ya rejeta ya hita imetengenezwa kwa madini laini na hupinda upesi. Ikipasuka, kwenye magari mengi italazimu kufungua deshibodi, na kazi ya saa chache itageuka kuwa ya siku nzima au zaidi.

Njia salama ni kuuchana mpira wa zamani kwa kisu kwa urefu wake, taratibu, bila kukwaruza bomba la ndani, kisha kuubandua. Mpira huo hautumiki tena, hivyo hakuna sababu ya kuuonea huruma.

Kama kiungio kimevunjika vipande, hakikisha vyote vimepatikana. Kipande kinachobaki ndani ya mpira kitasafiri na maji na kuziba hita.

Safisha midomo ya mabomba kwa msasa laini hadi ukoko uishe. Kata mpira mpya kwa kisu kikali, ncha ikiwa imenyooka. Ulowanishe kwa maji safi au kulanti ili uingie kwa urahisi. Usitumie oili wala grisi. Uingize hadi upite ule mwinuko ulio kwenye mdomo wa bomba, kwa kina cha sentimita mbili na nusu au zaidi kama bomba linaruhusu.

Klipu ikae nyuma ya mwinuko huo, isikae juu yake wala pembeni kabisa mwa mpira. Klipu ya springi ina faida ya kubana yenyewe mpira unapopanuka na kusinyaa kwa joto. Klipu ya skrubu nayo inafaa, lakini kwenye kiungio cha plastiki isikazwe hadi plastiki ikalia.

Baada ya hapo jaza maji, weka swichi ya hita kwenye joto la mwisho ili njia yake ifunguke, washa injini na uiache inguruke taratibu. Hewa iliyobaki ndani hutoka na kiwango hushuka, hivyo endelea kuongeza hadi kitulie. Funga mfuniko, endesha gari umbali mfupi, liache lipoe, kisha kagua tena kiwango cha maji na ukaze klipu za skrubu.

Jambo moja lisisahaulike. Tii zikiwa mbili, zibadilishwe zote mbili pamoja na mipira yake. Zilitoka kiwandani siku moja, zimepata joto lilelile kwa miaka ileile, na moja ikivunjika nyingine iko njiani.

Kipi kinunuliwe?

Chukua kiungio cha zamani uende nacho dukani. Mipira mingi ya hita ina tundu la milimita 16 au 19, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuharibu kazi. Mpira mwembamba hauingii na mnene huvuja hata ukifungwa klipu mbili.

Kiungio kipya cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya gari lako kinafaa, kwa kuwa kile cha kwanza kimeshahudumu miaka mingi. Cha shaba chenye vipimo sahihi na mwinuko wa kushika mpira kinafaa pia na hakivunjiki kwa uzee.

Wapo wakulima wanaoshawishika kutumia viungio vya mabomba ya umwagiliaji vilivyobaki stoo. Vinafanana kwa umbo, lakini vimetengenezwa kwa maji ya baridi. Plastiki yake hulainika kwenye joto la injini, na klipu ikibana hukunjamana na kuachia. Mpira wa kumwagilia bustani nao hauvumilii joto hilo, na tii za chuma zilizopakwa zinki za dukani kwa vifaa vya ujenzi hazielewani na kulanti.

Kwa upande wa maji, kulanti ichanganywe kama maelezo ya chupa yanavyoelekeza. Nyingi huchanganywa nusu kwa nusu, na nyingine huuzwa zikiwa tayari zimechanganywa. Maji ya kuchanganyia yawe yasiyo na chumvi, kama ya mvua yaliyokingwa yakiwa safi, au yale yaliyotakaswa ya kuongezea betri, ambayo yasichanganywe na asidi ya betri. Rangi ya kulanti si kipimo cha ubora wake. Soma maandishi.

Kukata hita ni dawa?

Mafundi wengi humshauri mwenye gari aikate hita. Ushauri huo una ukweli nusu.

Kwa Hiace au Noah inayobeba mizigo kati ya Dar es Salaam na Morogoro, hita ya nyuma haina kazi. Kuiondoa pamoja na tii zake, na kuweka mipira miwili mizima kutoka kwenye injini hadi hita ya mbele, kunapunguza ncha kutoka 12 hadi nne. Hilo ni jambo la faida.

Hita ya mbele ni suala jingine. Kwa anayesafiri Njombe, Makete au Mufindi miezi ya Juni na Julai, ndiyo inayomwezesha dereva kushika usukani bila kutetemeka, na ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo wakati wa mvua. Pia gari likianza kupata joto mlimani huku maji yakiwemo, kuwasha hita na feni yake hadi mwisho huondoa sehemu ya joto la injini.

Ikilazimu kuikata, mpira wa kupeleka uunganishwe moja kwa moja na wa kurudisha, maji yaendelee kuzunguka. Kuziba kila mdomo kwa kipande cha chuma au mti, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, kunaweza kuvuruga mzunguko kwenye injini zinazotegemea njia hiyo.

Kikikatikia njiani

Zima injini mara moja na uegeshe mahali salama. Usifungue mfuniko mpaka gari lipoe, na usimimine maji ya baridi kwenye injini yenye moto, kwani silinda hedi inaweza kupasuka.

Likishapoa, unganisha kwa mpira wa akiba mdomo wa injini unaopeleka maji na ule unaorudisha, ukiiacha hita pembeni. Jaza maji, kagua kama yanakaa, kisha endesha polepole hadi kwenye gereji. Vipande vya tyubu ya tairi vinavyofungwa juu ya ufa havidumu, kwa kuwa joto na shinikizo huvishinda upesi.

Kwa hiyo kila gari la mizigo linapaswa kubeba mpira wa hita wa mita moja wa kipimo chake, klipu nne, bisibisi, koleo, kisu na dumu la maji la lita 10. Vyote vinaingia chini ya kiti.

Hesabu ya mfanyabiashara

Bei za viungio, mipira na ufundi hutofautiana kutoka mji mmoja hadi mwingine. Anayetaka kujua kama kazi hii inalipa aulize bei hizo mjini kwake, azijumlishe na gharama ya kulanti, kisha aigeuze jumla hiyo kuwa matenga ya nyanya au magunia ya viazi.

Upande wa pili aandike kitakachotokea kiungio kikipasuka barabarani: gari la kukodi la kuhamishia mzigo, mazao yatakayoharibika, gari kuvutwa, gasketi, kusawazisha hedi kwenye mashine au kununua nyingine, na siku ambazo gari halitafanya kazi. Akiweka orodha hizo mbili ubavu kwa ubavu, hatahitaji mtu wa kumshauri.

Wakati mzuri wa kufanya kazi hii ni kabla ya msimu wa mavuno, gari likiwa limeegeshwa nyumbani na fundi akiwa na nafasi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari la zamani, ufa huo uko nyuma ya injini, na ukuta wake ni injini nzima.